Ukuta Wenye Homa

Dobi alianza kazi kabla ya chai. Alijaza karai maji, akatumbukiza mashuka, akayapiga kama yamemkosea. Mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, aliamshwa na sauti hiyo kila siku.

"Leo umegombana na shuka la nani?" Bibi aliuliza kutoka chumba cha nyuma.

"La mwenye hoteli, mama. Lina madoa kama ramani."

"Lipige tu. Limezoea."

Nyumba yao ilikuwa moja kati ya nyumba kumi na mbili zilizopangwa mstari mmoja. Zilijengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda. Kiwanda kilikufa, nyumba zikabaki. Zilishikana ukuta kwa ukuta, kama watu waliobanana kwenye benchi moja. Huyu akipiga chafya, yule wa upande wa pili anamwambia pole.

Ulikuwa msimu wa mvua, na mvua ni adui wa dobi. Nguo zilikaa kwenye kamba siku tatu, zikaanza kunuka uvundo. Wateja walinung'unika. Bibi naye alinung'unika, maana baridi ilimwingia magotini.

Asubuhi moja Dobi alikuwa anatandika kitanda cha Bibi. Akaegemea ukuta. Akaondoa mkono. Akaurudisha.

"Mama, hebu shika hapa."

Bibi akashika. Akajisogeza, akaegemeza mgongo wote, akafumba macho. "Niacheni hapa hapa," alisema. "Msinitoe mpaka siku ya kiyama."

Ukuta ulikuwa na joto.

Siku hiyohiyo walisukuma kitanda mpaka kikagusa ukuta. Dobi akafunga kamba tatu humo chumbani, toka dirishani hadi mlangoni, akaanika mashuka ya hoteli. Kufika alasiri yalikuwa yamekauka. Dobi akacheka peke yake. Mungu hamtupi mja wake, alisema moyoni.

Hakujiuliza swali moja dogo. Jua halijaonekana wiki nzima. Ukuta wa saruji umetoa wapi joto?

Tusimcheke. Maskini akipata kitu bure hufurahi kwanza, huuliza baadaye. Na wanaomwibia maskini wanalijua hilo kuliko yeye.

Upande wa pili wa ukuta ule alikuwa amehamia mpangaji mpya, miezi mitatu iliyopita. Alikuwa mtu mpole, viatu vyake safi hata kwenye matope. Ukimwuliza habari, anajibu salama. Ukimwuliza kazi yake, salama. Basi watu wakamwita Bwana Salama. Hakulala pale. Alikuja na gari dogo la mizigo, akashusha mifuko ya udongo, akaondoka na maboksi yaliyofungwa vizuri. Madirisha yake yalipakwa rangi nyeusi kwa ndani. Feni zilivuma usiku na mchana.

"Nafuga vifaranga," alieleza siku moja. "Wanataka joto."

Bibi hakuridhika. "Mimi nimefuga kuku miaka arobaini," alisema. "Kuku gani hawa? Miezi mitatu hakuna aliyewika, hakuna aliyelia, hakuna hata mmoja aliyetoroka kwenda kuharibu bustani ya mtu!"

"Labda ni wapole kama mwenyewe, mama," alijibu mwanawe, mume wa Dobi.

Mume wa Dobi alikuwa mpaka rangi wa majumba. Alipotoa jibu hilo alikuwa anaangalia sakafu. Dobi aliliona, lakini pasi ilikuwa inamsubiri, akalipita.

Pasi yenyewe ilianza vituko. Ilikuwa inapata moto nusunusu, kama mtu anayefanya kazi kwa kulazimishwa. Balbu mbili zilipasuka wiki moja. Kisha doa jeusi likatokea ukutani nyuma ya kitanda. Mwanzo lilikuwa kama kiganja. Baada ya siku chache likawa kama sinia.

"Unyevu tu huo," mpaka rangi alisema. Akaleta rangi iliyobaki kazini, akapaka. Baada ya siku tisa doa likarudi, na ndugu zake. Akapaka tena.

"Mwanangu," Bibi alimwambia, "rangi inaficha. Haiponyi."

Kisha akakohoa. Alikuwa ameanza kukohoa wiki iliyopita. Walisema ni mvua.

Ijumaa saa nne asubuhi nesi wa zahanati aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa mteja wa miaka mingi. Alishika sare yake nyeupe mkononi kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Dobi, nusa."

"Kuna nini, dada?"

"Nusa kwanza!"

Dobi akanusa. Hakusikia kitu.

"Husikii? Basi umeshazoea. Harufu ya nyumba, mwenye nyumba haijui! Mganga mkuu ameniuliza mbele ya wagonjwa, 'Nesi, umevuta nini?' Mimi! Hata sigara sijawahi kuishika! Wagonjwa wamecheka mpaka mmoja mshono ukamuuma. Sare yangu inanuka bangi, Dobi. Unafulia sabuni au unafulia bangi?"

"Usinitukane kwangu, dada. Humu hakuna anayevuta."

Kabla nesi hajajibu, Bibi alikohoa kule nyuma. Kikohozi kilikuwa kirefu, na mwisho wake ulikuwa filimbi. Hasira ikamtoka nesi. Akapita kati ya mashuka, akafika kitandani, akamsikiliza Bibi mgongoni. Halafu akasogeza godoro. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi, una manyoya.

"Nani alimlaza mgonjwa hapa?"

"Mimi," Dobi alisema. "Kwa sababu ya joto."

"Huu ni ukungu, dada. Unatoa vumbi dogo ambalo jicho halilioni. Mtu analivuta usiku kucha. Mtu mzima mwenye nguvu atakohoa. Mtoto au mzee atakosa pumzi. Mtoeni humu. Dawa nitamletea, lakini dawa haishindani na ukuta." Akaugusa, akashtuka. "Na mbona una homa? Mwite Fundi Nguzo. Sasa hivi."

Fundi Nguzo alikaa nyumba ya mwisho kwenye mstari. Alikuwa amepanda nguzo za umeme miaka thelathini, mpaka kampuni ilipomwambia apumzike. Alikuja taratibu, akakausha mkono wake kwenye suruali, akagusa ukuta kwa mgongo wa mkono.

"Mbona hutumii kiganja, mzee?" Dobi aliuliza.

"Kiganja kina tabia mbaya, binti yangu. Umeme ukikipiga, kinajifunga. Kinashika kile kinachokuua. Mgongo wa mkono ukipigwa, unaruka. Ukuta ukiwa na maji, au ukiona waya, usiguse kwa chochote." Akasogea hatua mbili, akagusa tena. Akategea feni sikio. Akanusa. Akakaa kwenye ndoo.

"Sema basi, mzee," Bibi alisema. "Au na wewe umepandwa na homa?"

"Wale kuku wako, Bibi, wana majani. Jirani analima bangi ndani ya nyumba."

"Bangi si inalimwa shamba?" Dobi aliuliza.

"Shamba askari wanaiona. Ndani haionekani. Lakini ndani hakuna jua wala mvua, ndiyo maana jirani yako amewasha taa kali kumi, ishirini, na anamwaga maji kila siku. Joto la taa limeingia ukutani. Mvuke wa maji umeingia ukutani. Huo ndio ukungu wako. Na umeme wa taa zote hizo hapitishi kwenye mita. Ameuchepusha kabla ya mita, kwa waya wa kuunga-unga. Waya wa nyumba hizi uliwekwa kwa balbu nne na redio. Yeye ametwika punda mzigo wa lori. Kinachopata joto humu ndani si saruji peke yake. Ni waya."

"Na pasi yangu?"

"Pasi yako inakula makombo. Unakumbuka mwaka juzi transfoma ilipoungua?"

Nani angesahau? Walikaa gizani wiki tatu. Ofisa wa umeme alisimama barabarani na koti lake la mvua, akamnyooshea Dobi kidole mbele ya watu. Ni pasi za huyu, alisema. Majirani wengine hawakumsalimu Dobi mwezi mzima.

"Haikuwa pasi zako," Fundi Nguzo alisema. "Ilikuwa nyumba ya ng'ambo ya barabara. Mpangaji kama huyu, madirisha meusi kama haya, mwenye nyumba yuleyule. Mpangaji alipotoweka, mimi niliingia. Sakafu imejaa udongo, dari imeoza. Mwenye nyumba akapaka rangi, akapangisha tena. Kodi aliipenda, kuuliza hakupenda. Nilisema ofisini. Wakaniambia, mzee, wewe umestaafu."

"Sasa tufanye nini?"

"Usimgongee mlango. Usimtishe, usiguse mita yake. Watu hawa wana wakubwa wao, na kitu chao wanakilinda. Twende ofisi ya dharura ya umeme, tuseme maneno mawili, ukuta una joto na kuna hatari ya moto. Halafu polisi. Unaweza kusema usitajwe jina. Na twende wengi, maana mtu mmoja anaitwa mchonganishi, watu kumi wanaitwa mtaa."

"Lini?"

"Leo. Na kitanda kitoke leo."

Dobi akatazama kamba zake. Mashuka sitini ya hoteli yalining'inia mabichi, na alikuwa ameahidi kuyapeleka Jumamosi. Chumba cha mbele kilijaa meza ya pasi na vikapu. Kitanda kingekaa wapi?

"Kesho, mzee," alisema. "Nikaushe mzigo huu mmoja tu."

Fundi Nguzo alimtazama sana. "Moto haukauki, binti yangu," alisema, akaondoka.

Mume aliporudi, Dobi alimweleza yote. Mpaka rangi alikaa kwenye kiti bila kuvua viatu.

"Tusiende," alisema.

"Kwa nini?"

"Madirisha yale nilipaka mimi."

Dobi akaweka pasi chini.

"Alinipa kazi siku ya kwanza," mume alisema. "Aliniambia vifaranga hawapendi mwanga."

"Vifaranga hawapendi mwanga, na taa anawawashia! Baba watoto, hata mtoto wetu angemwuliza!"

"Sikuuliza. Nilikuwa sina kazi wiki ya tatu. Nikaona taa zimepangwa darini, nikaona mabomba ya maji. Nikapaka, nikatoka. Nikisema leo watanikamata mimi kwanza. Yeye ana gari. Mimi nina brashi. Tusubiri kidogo, labda atahama."

"Na mama?"

Bibi aliwasikia. "Mama yenu yuko kwenye joto lake," aliita. "Gombaneni polepole, nataka kulala."

Wakakisogeza kitanda hatua moja kutoka ukutani. Usiku huohuo Bibi alilia magoti, wakakirudisha. Mpaka kesho tu, walisema.

Kesho ilikuwa Jumamosi. Saa nane mchana mume alikuwa kazini, na binti yao alikuwa kwa nesi, amekwenda kuchukua dawa ya Bibi. Dobi alikuwa anapiga pasi chumba cha mbele. Pasi ikapoa. Feni za jirani zikanyamaza. Ukimya huo ulimshtua, kwa sababu alikuwa hajausikia miezi mitatu.

Kisha akasikia sauti kama mtu anayechana kitambaa kipya.

Moshi ulitoka ukutani, juu kidogo ya kitanda. Kabla hajafika mlangoni, shuka la kwanza lilikuwa limeshika. Moto ulitembea kwenye kamba zake kama ulikuwa umepimiwa njia. Kamba tatu, toka dirishani hadi mlangoni. Bibi alikuwa upande wa pili wa mashuka.

Dobi hakulia. Alirudi kwenye karai, akavuta shuka lililoloa, akajifunika toka kichwani. Akainama, maana chini moshi ni mwepesi. Akatambaa, akamshika Bibi kwapani, akamfunga ndani ya shuka lile bichi, akamburura kama furushi. Nje watu walikuwa wanakuja na ndoo.

"Msimwage maji!" Fundi Nguzo alipiga kelele. "Umeme haujakatwa kwenye nguzo! Mtakufa! Tokeni wote nyumba za pembeni! Piga simu zimamoto!"

Zimamoto walifika baada ya nyumba nne kuungua. Kwa Bwana Salama walitoa taa, mapipa ya maji, na mimea iliyogeuka mkaa. Walitoa pia, bafuni walikojificha, vijana wawili wa kumwagilia ambao mtaa haukuwahi kuwaona, wanakohoa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, na wazimamoto ndio waliouvunja. Vijana hao ndio waliotiwa pingu. Simu ya Bwana Salama haikupatikana tena.

Bibi alilala hospitali siku kumi na moja. Ngozi yake haikuungua popote. Mapafu ndiyo yaliyokuwa yamechoka, kwanza kwa ukungu, kisha kwa moshi. Siku ya mwisho alimwita Dobi kwa kidole.

"Wale kuku," alisema. "Waliwika?"

"Waliwika, mama."

"Mmh," Bibi alisema, kama mtu aliyeshinda ubishi. Hakusema tena.

Tulimzika Jumatano, mvua ikinyesha.

Mwenye nyumba alikuja siku ya tatu baada ya mazishi. Hakuja kutoa pole, alikuja kuangalia paa. Akasimama chini ya mwavuli. "Sikujua," alisema. "Mimi nakaa mbali. Mpangaji alilipa vizuri, ningejuaje?"

"Mwaka juzi pia hukujua," Fundi Nguzo alisema. "Nyumba ile pale. Rangi yako bado haijapauka. Ni lini hasa utajua, bwana? Tumefika nyumba nne na kaburi moja."

Mwenye nyumba akafungua mdomo. Mpaka rangi akamtangulia.

"Mimi nilijua," alisema mbele ya wote. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilipaka madirisha. Niliona taa. Nikanyamaza, mama yangu akafa. Sasa naenda kituoni kusema jina alilonipa yule bwana, gari lake, na siku alizokuja. Na wewe bwana utakwenda, kwa sababu ulimkabidhi funguo mbele yangu na taa ulizitazama."

Akaenda. Dobi alikwenda naye, akakaa benchi la kituo toka asubuhi mpaka jioni. Mume wake alihojiwa siku mbili. Aliachiwa, akawa shahidi. Mwenye nyumba bado anaitwa mahakamani, na bado anaugua kila tarehe ya kesi ikifika. Hayo tunayaandika ili yasije yakasahauliwa kama yale ya mwaka juzi.

Mtaa haukungoja mahakama. Watu walikutana uani kwa Dobi, juu ya majivu. Nesi alisema mambo ya ukungu. Fundi Nguzo alisema mambo ya umeme. Waliandika barua moja, wakatia sahihi nyumba zote, wakaipeleka ofisi ya umeme na serikali ya mtaa. Walitaka transfoma ipimwe. Walitaka kila mwenye nyumba aingie na kukagua nyumba yake kila miezi mitatu, akiwa na jirani shahidi. Ofisa aliyekuja safari hii hakumnyooshea mtu kidole. Alikuwa ni yuleyule. Dobi alimtambua kwa koti.

Na waliwekeana desturi. Kila Jumapili asubuhi, kila nyumba inagusa ukuta wa jirani. Mkono mkavu, mgongo wa mkono. Watoto wanaufanya kama mchezo.

Msimu wa mvua uliofuata, nyumba ya kumi iliguswa, ikawa na joto. Aliyegusa ni mshona viatu. Hakugonga mlango wa mtu, wala hakusema kesho. Saa tatu asubuhi alikuwa dharura ya umeme pamoja na watu wanane. Saa sita umeme wa nyumba ile ulikatwa kwenye nguzo, polisi wakaingia. Taa zilikuwa zimewashwa siku sita tu. Hakuna aliyekohoa. Hakuna shuka lililoungua.

Nyumba ya Dobi ilijengwa tena, polepole, kwa mikono ya majirani. Chumba cha nyuma kina ukuta mpya. Mpaka rangi hajaupaka. Anasema anataka kuuona ulivyo.

Jumapili hiyo, mvua ikinyesha, binti yao alikausha mkono kwenye gauni akaugusa.

"Baridi, mama," alisema.

"Acha uwe baridi," Dobi alisema.

Akabeba mashuka mabichi ya hoteli, akapita mahali kitanda kilipokuwa, akatoka kuyaanika chini ya paa la bati. Yangechukua siku tatu. Mwenye hoteli alikuwa ameshaanza kunung'unika, na Dobi alikuwa ameshamjibu kwamba hoteli yake italala bila mashuka.